Mama wa Sauti ya Pili

Nilipofungua sanduku la mama, wiki chache baada ya kumzika, kilichonipokea kwanza kilikuwa harufu: vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, na chini yake harufu ya sufi iliyonyeshewa zamani na kukaushwa juu ya jiko la makaa. Joho lake la kwaya lilikuwa juu kabisa, la kijani, mikono imekunjwa kwa ndani kama mtu aliyejikumbatia kwa baridi. Sikulitoa. Niliketi pale kitandani kwake, mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, nikawa tena mtoto wa Majengo, Nyeri, niliyezoea kungoja mwisho wa benchi hadi mama amalize mazoezi twende nyumbani.

Baba alikuwa polisi. Kwao ni magharibi, upande wa Vihiga, na serikali ilimleta Nyeri kabla mimi sijazaliwa. Mama alimfuata na nguo chache na mashine ya kufuma sweta. Tulipanga vyumba viwili katika ploti moja ya wapangaji wengi karibu na msikiti. Ninyi mliokulia kwenye ploti mnajua kwamba kule sauti hazina ukuta. Adhana ilituamsha sisi Wakristo sawa na Waislamu. Redio ya jirani ilitusomea habari bila kuombwa. Na mchana kutwa mashine ya mama ilienda na kurudi, krrr, krrr, ikifuma sweta za shule za watoto ambao siku moja ningewaona barabarani na kujisemea, ile mikono mama yangu ndiye aliyeifuma.

Juu ya mashine hiyo mama aliimba. Hakufungua mdomo, wimbo ulipita puani, mdogo, wa chini, kama maji yanayokaribia kuchemka. Nyimbo zote za kanisa nilizijua kwa njia hiyo kabla ya kuzijua kanisani, na ndiyo sababu nilipoanza shule nikaona wenzangu wanakosea. Walipopanda, mimi nilibaki pale pale. Waliposhuka, mimi nilipanda kidogo kisha nikatulia. Mwalimu wa darasa alisimama mbele yangu akasikiliza, akasema, "Wewe umepotea njia. Fuata wengine." Nilifuata wengine. Sikujua kwamba sikuwa nimepotea. Nilikuwa nimelishwa wimbo kutoka upande mwingine.

Maana mama aliimba sauti ya pili.

Aliyempeleka kwaya ni jirani yetu wa mlango wa tatu, Mama Njoki, mwanamke mnene wa huko huko Nyeri, mwenye sauti ya kwanza iliyoweza kukata mabati. Siku zile mama hakujua Kikuyu hata neno. Sokoni alinyoosha kidole. Kisimani wenzake walipocheka, alicheka nyuma yao kidogo, asijue kama ni yeye anayechekwa. Mama Njoki alimsikia akiimba juu ya mashine, akaja akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Mama Mbone," alimwambia, kwa sababu jina langu ni Mmbone na hakuna mtu wa Nyeri aliyewahi kulitamka na m zake zote, "wewe uko na arto, sauti ya pili nzima, ndani ya nyumba na unainyima kanisa. Jumamosi tunaenda pamoja."

"Mimi sijui Kikuyu, Mama Njoki."

"Kwani nani amekuuliza Kikuyu? Kwaya haiulizi unatoka wapi. Inauliza wewe ni sauti ya ngapi."

Basi mama akaenda, na mimi mgongoni kwake. Nilipoanza kutembea nilienda kwa miguu yangu, na nilipofika umri wa kuelewa maneno, nikaanza kuyaelewa vibaya.

Mwalimu wa kwaya aliitwa Githinji. Alifundisha shule ya msingi kule Giakanja na Jumamosi alasiri alishuka mjini, viatu vyake vikiwa na udongo mwekundu, mfuko wa koti umebeba kijiti cha chuma chenye meno mawili. Alikigonga gotini, akakiweka sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Haya, nawapa ufunguo." Akatoa mvumo kooni, na kwaya nzima ikaushika. Mimi nilingoja sana kuuona huo ufunguo na mlango wake. Kisha kulikuwa na hili la tena. Wanaume wa sauti ya tatu wanaitwa tena, na mwalimu alipotaka wimbo urudiwe alisema pia "tena". Nilidhani wanaume wale wanne waliosimama nyuma walikuwa wakorofi kupita kiasi, maana kila mara kwaya ilipoharibika ni wao walioitwa. Siku nyingine alisema, "Sauti ya nne imekufa," nikageuka kuwatazama wale wazee wa besi mmoja mmoja, nione nani ameanguka.

Lakini neno lililonikaa zaidi ni lile la sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Sikuelewa kwamba ni watu waliogawanywa. Niliamini kwamba kila mtu ana sauti nne ndani yake, moja juu ya nyingine, kama sisi tulivyovaa sweta juu ya sweta mwezi wa saba ukungu ukishuka kutoka mlimani. Mama Njoki alitumia ya juu kabisa. Mama alikuwa ameivua ile ya kwanza akaiweka, akatumia ya pili.

Nilimuuliza kwa nini. Tulikuwa tunarudi nyumbani, yeye amebeba kabichi kwapani.

"Mama, mbona huimbi ya kwanza kama Mama Njoki?"

Mama aliniita mama pia, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi. "Mama," alisema, "ya kwanza kila mtu anaisikia. Ya pili hakuna anayeisikia. Lakini ukiitoa, watu wanauliza, kwani wimbo umekuwaje?"

Nilimwona kuwa mtu mwenye siri kubwa.

Kulikuwa na jambo jingine kuhusu mama ambalo watu wazima walilijua na mimi nilijua kivyangu. Shingoni alikuwa na uvimbe. Nilipokuwa mdogo zaidi ulikuwa kama yai la kuku wa kienyeji. Kufikia wakati ninaousimulia ulikuwa kama ngumi yangu, na mama aliufunika kwa leso hata jua likiwa kali. Watu waliuita goita. Mimi nilijua ni mahali nyimbo zinapokaa. Nilipolala kifuani pake akiimba, niliweka kiganja pale na nikausikia ukitetemeka. Kwa hiyo sikushangaa ulipokua. Kwaya ilikuwa inajifunza wimbo mpya wa Pasaka, wimbo mrefu sana, na ilibidi ukae mahali.

Wimbo huo aliutunga mwalimu Githinji mwenyewe. Ulikuwa wa wale wanawake walioenda kaburini alfajiri wakiulizana ni nani atakayewaviringishia jiwe. Katikati ya wimbo, sauti zote zinakata. Wanaume wananyamaza, sauti ya kwanza inanyamaza, na sauti ya pili inabaki peke yake kuuliza swali lile, polepole, kwa mstari mmoja mrefu, mpaka wengine warudi. Hakukuwa na wanawake wengi wa sauti ya pili, na aliyewabeba wote alikuwa mama. Mwalimu alimwambia mbele ya watu, "Mama Mbone, hapo nakuachia nyumba. Usizime taa." Mama aliinamisha macho. Sikuwahi kumwona mama akitazamwa na watu wengi hivyo bila kujificha nyuma ya leso yake.

Jioni moja, baada ya chakula, nilikuwa chini ya meza nikicheza na masalio ya nyuzi. Baba alikuwa amevua koti la kazi. Sauti yake ilikuwa ya gwaride. Hata akiomba chumvi ungedhani anaamuru kikosi kigeuke. Siku ile alijaribu kuipunguza na ikawa inakwaruza.

"Daktari amesema wazi. Itafika wakati ikubane pumzi. Wewe mwenyewe ukipanda mlima wa sokoni unasimama mara ngapi?"

"Nasimama kusalimia watu," mama alisema.

"Unasimama kutafuta hewa. Mimi nakuona."

Mama aliirekebisha leso yake shingoni. Kisha akasema, "Alisema pia kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo. Kisu kikiugusa, basi."

"Nataka mke mzima. Kwaya ni kitu gani?"

"Wewe uko na kazi hapa, Baba Mmbone. Una wenzako, una cheo, una watu wanaokupigia saluti. Mimi katika mji huu nina hiyo kwaya." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeonyesha kitu kilichoko mezani. "Ngoja Pasaka ipite. Pasaka ikipita, wakate."

Baba aliendelea kukunja koti lake mpaka likawa dogo sana.

Mimi chini ya meza nilielewa jambo moja tu: watu watatoa kile kitu shingoni. Kesho yake nilimfuata mama jikoni nikamuuliza, "Wakitoa, nyimbo zitaenda wapi?" Hakunielewa, nikamweleza. Nikamwonyesha kwa mkono mahali zinapokaa. Mama alicheka mpaka akakohoa, akamwita Mama Njoki asikie, wakacheka wote wawili wakifuta macho kwa leso. Hakuna aliyenijibu.

Pasaka ilikuja na mvua. Kanisa lilijaa hadi nje, watu wamesimama chini ya miavuli, matope mlangoni. Ninakumbuka mambo mengi ya siku hiyo na ningeweza kuyachora. Nakumbuka majoho ya kijani yenye kola nyeupe. Nakumbuka Mama Njoki akilamba midomo. Nakumbuka mwalimu Githinji akigonga kile kijiti gotini, na mvua ikimbidi akigonge mara nyingine kwa sababu hakukisikia. Walipofika katikati, wengine walikata, na nikaona mama akifumba macho. Alikuwa amevua leso. Shingo yake ilikuwa wazi mbele ya Nyeri nzima, na ule uvimbe ulipanda na kushuka wazi wazi. Baba alikuwa kando yangu, kofia magotini. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi la mbele kama mtu aliye juu ya lori.

Yote hayo ninayo. Ila sauti yenyewe sina. Nimeitafuta miaka yote hii. Nimekaa kimya na kujaribu kuisikia, na kila mara naona mdomo wake ukifunguka na ninachosikia ni mvua juu ya mabati. Siku zile simu za kurekodi hazikuwa mikononi mwa watu kama sisi. Aliimba, watu wakasikia, ikaisha.

Wiki iliyofuata alilazwa katika hospitali kubwa ya mjini. Mama Njoki alinilaza kwake, pamoja na Njoki na dada zake, akanilisha githeri na kuniambia kila asubuhi kwamba mama yuko sawa. Aliporudi alikuwa na kitambaa cheupe shingoni, na chini yake hakukuwa na kitu, shingo bapa kama ya mtu mwingine. Nilimkimbilia. Alifungua mdomo kusema jina langu na kilichotoka kilikuwa upepo.

Daktari alisema huenda sauti ikarudi, huenda isirudi, ni kungoja. Mimi nilijua zaidi ya daktari. Nilikuwa nimewaambia na walicheka.

Nyumba yetu ikawa ya kunong'ona. Mama alinong'ona kwa sababu hakuweza vingine. Mimi nilinong'ona kwa sababu yeye ananong'ona. Na baba, yule baba wa gwaride, naye akaanza kunong'ona, akiinama karibu na sikio lake kuuliza kama chai iko tayari. Nadhani aliona aibu kuwa na sauti kubwa bure mbele ya mtu asiye nayo. Aliponihitaji, mama aligonga kikombe kwa kijiko. Mama Njoki pekee ndiye hakunong'ona. Alikuja kila alasiri na kuongea kwa nguvu maradufu, kana kwamba mama amepoteza masikio, akimpa habari za kwaya: nani amechelewa, nani amekosana na nani, mwalimu amesema nini. Mama alisikiliza akitabasamu. Mgeni akitoka, aligeukia mashine, krrr, krrr, na juu ya mashine hakukuwa na kitu.

Jumapili tulikwenda kanisani na kukaa katikati na watu wengine. Joho lilibaki nyumbani. Nyimbo zilipoanza mama alifungua kitabu na kukitazama, midomo imefungwa. Wimbo wa Pasaka haukuimbwa tena mwaka ule. Mara moja tu, wakiwa kwenye wimbo mwingine, nilimwona akigeuza kichwa kidogo kuelekea kwaya, kama unavyofanya ukiwa na mtu na ukasikia amekanyaga vibaya. Akarudisha macho kitabuni haraka.

Nilikuwa na hesabu yangu. Sauti ya kwanza mama hakuitumia kamwe, labda ilikwisha haribika kwa kukaa. Ya pili daktari alikuwa ameitoa. Zilibaki mbili. Nilishangaa kwa nini hakuna mtu mzima aliyekuwa amelifikiria hili.

Basi Jumamosi moja nilimsubiri mwalimu Githinji kwenye kona ya msikiti, njia anayopita akienda mazoezi. Aliponiona alisimama.

"Mama yako anaendeleaje?"

"Bado ananong'ona, Mwalimu. Mwalimu, mama ako na sauti ya tatu na ya nne. Hizo hawakutoa. Mbona hamwiti?"

Wengine wote walikuwa wamenicheka. Yeye hakucheka. Alinitazama, akatazama udongo kwenye viatu vyake, akasema, "Hebu nipeleke kwenu."

"Na mazoezi?"

"Wataanza na Mama Njoki. Huyo hahitaji mwalimu."

Mama alikuwa kwenye mashine. Alipomwona alisimama upesi, akajifunga leso ingawa hakukuwa na cha kufunika tena. Akamkaribisha kwa mkono. Akampa chai. Mwalimu alikunywa bila haraka, akauliza habari za baba, za sweta, za mvua. Kisha akatoa kile kijiti.

Mama alitikisa kichwa. "Mwalimu, hapana," alinong'ona. "Imeisha hiyo."

"Sijakuomba uimbe. Nakuomba uvume tu, mdomo umefungwa."

"Nikivuma inakatika. Nimejaribu nikiwa peke yangu."

"Ulijaribu wapi?"

Mama hakuelewa swali. Mwalimu akagonga gotini, akavuma mahali pa zamani, mahali pa sauti ya pili. "Hapo, sivyo? Ulienda kujitafuta pale ulipokuwa ukikaa. Usiende huko. Shuka." Akavuma chini zaidi. "Shuka tena, Mama Mbone. Usisukume, iache ianguke."

Mama alifunga macho. Mwanzoni ilikuwa pumzi tu. Kisha ilikuja pumzi yenye mchanga. Mwalimu alishuka, naye akashuka, na chini kabisa, mahali ambapo nilikuwa nimezoea kusikia wanaume, kitu kilishika. Kilikwaruza, kikatetemeka, kikakatika, kikarudi. Mama alifungua macho akajitazama kifuani, kama aliyesikia mtu akibisha hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Hiyo ni nini?" aliuliza, na nusu ya maneno hayo haikuwa mnong'ono.

"Hiyo ni sauti ya tatu," mwalimu alisema. "Mtoto wako alikuwa ameiona kabla yangu."

"Ni ya wanaume hiyo."

"Wako wanne, na mmoja wao anapiga kelele tu. Nafasi iko."

Mama alicheka. Kicheko chake kilikuwa kimevunjika, kikatoka kama mlango mkavu, lakini kilikuwa na sauti. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na moyo wangu ulijaa kiburi, maana hesabu yangu ilikuwa imetoka sawa.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Mwalimu alipitia kwetu kila Jumamosi kabla ya mazoezi, wakavuma pamoja kwa kiasi cha kikombe cha chai. Msimu wa baridi ukapita, kahawa ikachumwa kule Tetu, na mnong'ono ukaacha nyumba yetu kidogo kidogo: kwanza mimi, kisha mama, na baba wa mwisho. Halafu Jumapili moja mama alivaa joho lake la kijani, akapita mbele ya wanawake wa sauti ya pili, akapita mbele ya Mama Njoki, akaenda kusimama nyuma, kati ya wanaume wa tena. Watu waligeuka kutazama. Mwanamke mmoja mbele yetu alimnong'oneza mwenzake kitu wakacheka. Baba alimtazama yule mwanamke kwa macho ya kazi mpaka akageuka mbele. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alimwambia mama, "Sasa huyo anayeimba kando yako, yule mrefu, ameoa?" Mama akampiga begani kwa kitabu cha nyimbo, na nikajua tumepona.

Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi, kwamba tulipona. Mama aliimba sauti ya tatu mpaka baba alipostaafu, na watu wakazoea hata wakasahau kwamba aliwahi kuimba nyingine. Ni nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoona kwamba juu ya mashine hakurudi kuimba. Aliimba kanisani, aliimba misibani. Peke yake hakuimba.

Baba alipofariki, mama alikuja kuishi nami Chaka, ambako mimi nafundisha. Asubuhi akiamka na mlima uko wazi alitoa kiti nje akakaa na shuka mabegani. Mwaka wake wa mwisho, Jumapili moja ya kukaribia Pasaka, tulikuwa jikoni tukichambua maharagwe na nikamwomba anifundishe ule wimbo wa wale wanawake na jiwe. Nilimwambia ukweli, kwamba nakumbuka kila kitu ila sauti yake.

"Mimi pia siikumbuki," alisema. "Unadhani mtu hujisikia?"

"Basi nifundishe mstari wenyewe. Pale wengine walipokata."

"Siwezi kufika huko juu, mama."

"Nielekeze tu."

Akaweka ungo chini. Akainua mkono hadi kifuani, kiganja kikitazama sakafu, kama mwalimu alivyofanya. Nikaanza. Mkono ulipopanda nilipanda. Ulipotulia nilitulia. "Si hivyo, shuka kidogo. Hapo. Usimkimbilie yule wa juu, hata akikuita. Kaa." Tulirudia, nikikosea, akinirudisha, mpaka maharagwe yakasahaulika na mstari ukasimama wenyewe, mrefu, ukiuliza lile swali. Ndipo yeye akashusha mkono na kuingia chini yangu na sauti yake ya tatu, ile ya mchanga, akanishikilia kutoka chini hadi mwisho.

Tulipomaliza aliegemea ukuta. Nilidhani amechoka. Nikamuuliza kama nimeimba kama yeye alivyoimba.

"Hapana," alisema. "Wewe una sauti yako." Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi, na sasa kuna taa ya watu wengine dirishani. "Lakini hapo ndipo nilikuwa nasimama. Sauti ya pili, mama, una watu juu yako na una watu chini yako. Hata ukiwa mgeni namna gani, umeshikwa pande zote." Akavuta ungo, akatafuta jiwe dogo kati ya maharagwe, akalitupa mlangoni. "Wale wanaume walinikaribisha vizuri. Lakini nilikuwa nasikia wenzangu pale mbele kila Jumapili, karibu hivi, na sikuweza kurudi."

Mwaka huu nimejiunga na kwaya ya hapa. Mwalimu ni kijana, anatumia simu kutoa ufunguo. Nimewekwa sauti ya pili, na upande wangu wa kushoto kuna mwanamke aliyehamishiwa hapa kutoka Machakos, ambaye bado sokoni ananyoosha kidole. Jumamosi iliyopita alipotea katikati ya wimbo na akaona aibu, akafunga kitabu. Nilimsogelea mpaka mabega yetu yakagusana, nikamwimbia mstari wetu karibu na sikio, polepole, mpaka akaushika.